Abasia ya Wino na Maji

Kila aliyeingia chumbani kwa Mama Sista kwa mara ya kwanza aliuliza swali lilelile: "Hii ni Ulaya ya wapi?"

Aliuliza huku akinyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya wino iliyobandikwa juu ya kitanda. Kanisa kubwa la mawe lililobomoka. Kuta zimesimama peke yake, madirisha marefu yamechongoka kwa juu kama ncha ya mkuki, nguzo moja imekatika katikati, na mahali pa paa hakuna kitu, mbingu tu, rangi ya majivu. Mama Sista hakuwa mtu wa kujibu haraka. Angemalizia kwanza kusuuza kikombe au kukunja nguo, ndipo aseme, "Si Ulaya. Ni kwetu."

Wengi walidhani anatania. Lakini kweli ilikuwa kwetu, Kivu, kwenye mlima unaoangalia ziwa. Wazungu waliokuja zamani na dini yao waliijenga kwa mawe ya kuchonga, matao ya Kigothi kama ya kwao, baadaye wakawaachia watawa weusi. Abasia, ndivyo ilivyoitwa: nyumba ya wanawake walioapa kuishi pamoja mpaka kufa, kwa sala na kazi. Mama Sista aliingia pale akiwa msichana. Alipofika Durban alikuwa ameshavua shela, anavaa sketi ndefu na viatu vya raba kama sisi wengine, lakini jina la usista likabaki. Jina lake la ubatizo ninalijua, na lile la utawa ninalijua pia. Hakupenda yatajwe alipokuwa hai. Sitayataja leo.

Tuliishi ua mmoja kule Sydenham, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Anti. Mimi na watoto tulipanga vyumba viwili, yeye alipanga kile cha pembeni. Mimi nasuka nywele saluni. Yeye alikuwa akishona mapazia kiwandani Mobeni, mpaka walipompunguza. Tulikaa hivyo miaka mingi, mpaka wanangu wakawa wanamwita Gogo kama watoto wa Kizulu wanavyomwita bibi, naye akawa anawachapa kama bibi.

Alikuwa mkali. Niseme hivyo mapema, kwa sababu mtu akisikia mtawa mzee, mchoraji, mkimbizi, anadhani atasikia habari za malaika. Mama Sista alikuwa na ulimi. Dereva wa taksi akimpitisha kituo alimtukana kwa Kifaransa, taratibu, akiyatamka maneno yote vizuri, mpaka abiria wakashangaa huyu bibi anaomba nini. Hakukopesha sukari. Alipenda tamthilia za Kizulu za televisheni kuliko alivyokubali kusema, na mtu akipiga hodi wakati huo alijibu, "Sipo!" Akaniambia siku moja kwamba abasiani walifundishwa kunyamaza, na tangu atoke analipa deni lake lote la maneno.

Lakini akikaa kuchora, alinyamaza kweli.

Alichora mezani, kibarazani, asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa Anti. Alikuwa na kichupa cha wino mweusi, ule unaoitwa wa China, kalamu ya ncha ya chuma, brashi moja nzuri na nyingine mbovu, na visahani vya chai vilivyovunjika kingo. Kwanza alipiga mistari kwa kalamu: mawe, matao, nyufa. Kisha alidondosha tone la wino kwenye maji, akachovya brashi, akaosha karatasi kwa kivuli chepesi, karibu kisionekane. Akaacha kikauke. Akaosha tena, zito kidogo. Akaacha. Pale ambapo mwanga unatakiwa hakugusa kabisa, kwa sababu kwenye picha za namna hiyo nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukishaichafua huwezi kuirudisha.

"Kivuli hakichorwi, Mama Furaha," aliniambia. "Kivuli kinangojewa."

Sanaa hiyo alifundishwa na mkuu wa abasia, mwanamke wa kwetu aliyekuwa akipamba kadi za Noeli kwa wino na maji. Kila alipomtaja alisema "Mama Mkuu," basi, na uso ukafunga kama duka.

Alichora kitu kimoja tu, abasia ile. Upande wa ziwa, upande wa bustani, kutoka mlangoni, kutoka chini ya mlima. Daima imebomoka. Nilimuuliza kwa nini asiichore ilivyokuwa nzima.

"Nzima sikuwahi kuiangalia," alisema. "Nilikuwa nakaa ndani yake. Wewe umewahi kuangalia tumbo la mama yako?"

Na mbona hachori watu? Hata mmoja, hata kwa mbali, mama anapita na kuni?

"Watu wako ndani," alisema, akaendelea kuchovya brashi.

Nilidhani ni lugha ya wachoraji. Ilichukua muda mrefu kabla sijaelewa kwamba aliniambia jambo kama lilivyo.

*

Hakuamini paa. Hilo lilikuwa jambo lake kubwa, na wasiolijua walimwona mwenye kichaa kidogo. Kitanda chake alikiweka mlangoni, kichwa kikielekea nje, mlango wazi hata Julai, baridi inaingia. Akija saluni kwangu alikaa kiti cha nje, kando ya wauza soksi, na wateja wakimwambia "ingia, Mama," alisema kifua chake kinataka hewa. Mvua ikinyesha alihama kutoka mezani akasimama mahali ambapo mabati ya kibaraza yanaishia, maji yakimdondokea bega moja, na hakusogea.

Ndiyo sababu hata kanisani hakwenda. Masista wa hapa walimpokea alipofika, wakampa chumba na kanzu. Akakaa nao muda mfupi akaondoka. Aliniambia walikuwa wema, chakula kilikuwa kizuri, wanaimba kwa Kizulu mpaka nywele zinasimama. "Lakini mimi sikusali hata mara moja. Nilikuwa naangalia tu dari. Misa yote, dari. Sasa huo ni utawa gani?" Wakamwambia ziko nyumba nyingine za shirika lake, Ulaya hata, wangeweza kumtafutia nafasi. Akakataa. Mtawa wa namna yake, alinieleza, haapi kwa shirika tu. Anaapa kwa nyumba, kwa mawe yale yale, mpaka kifo. "Nyumba ikifa kabla yako, hakuna aliyeandika ufanye nini."

Na mtu huyo huyo, mwaka ule vijana walipozunguka na marungu wakitafuta wageni, alimfungulia mlango mwanamke wa Kimalawi na watoto wake ambao hatukuwajua hata kwa sura. Aliwaingiza chumbani, akafunga kwa nje, akakaa kibarazani kwenye kiti, rozari mkononi, rozari ambayo sikujua kama anayo. Vijana walipofika getini aliwaamkia kwa Kizulu chake kibovu. Wakauliza nani yuko ndani. "Ndani iko vitu vyangu," akasema. Wakamtazama, bibi mfupi mwenye wino kwenye vidole, wakapita. Baadaye nilimwambia amefanya jambo kubwa. Alinikasirikia.

"Jambo kubwa gani? Nimewafungia watu ndani ya nyumba na sikujua kama watatoka. Hiyo unaita kubwa?"

Alitetemeka mpaka jioni. Sikumsifu tena kwa lolote.

*

Jumamosi alipeleka picha zake kwenye soko la bustanini, pale wazungu wanakuja na mbwa na vikapu. Walizinunua. Kila mmoja aliiona nchi yake mle. Huyu alisema hii ni Scotland, huyu Yorkshire, mmoja aliapa amewahi kusimama mbele ya ukuta ule ule na mke wake. Mama Sista hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi nilimsaidia kubeba meza, na siku moja alikuja mzee wa kizungu, miguu myembamba, soksi zimevutwa juu. Aliitazama picha moja kwa muda mrefu, kisha machozi yakamtoka, hata hakuyapangusa. Akasema mama yake alimpeleka pale akiwa mtoto, kabla hawajapanda meli. Akauliza: ni pale, si ndiyo?

Mama Sista alimtazama. Mimi nilijua hasemi uongo. Alikuwa tayari kumvunja mtu moyo kwa ajili ya kweli ndogo kama bei ya nyanya.

"Yes," alisema. "Ni pale."

Alikataa fedha za mzee yule. Tuliporudi nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Yeye analia kwa ajili ya kanisa lile. Tangu nitoke kwetu, ni mtu wa kwanza. Nimkatalie?"

Pasta wa kanisa letu la Wakongomani naye aliipenda picha. Alikuja na soda na biskuti, akakaa kibarazani, akasema anataka ichapwe kwenye bango kubwa la mkutano wa maombi.

"Lakini Mama, tuwekee paa," alisema. "Mungu wetu ni Mungu wa kurudisha. Watu wamechoka na magofu, wote tumetoka kwenye magofu. Chora paa, na mwanga kidogo unatoka madirishani."

"Paa nitalitoa wapi, Pasta?"

"Si ni wino tu, Mama?"

Aliniambia baadaye kwamba alijaribu, kwa kuwa Pasta ni mtu mwema na alimzika Mkongomani mmoja wa jirani bila kudai chochote. Nilimwona akijaribu. Alipiga mistari ya paa kwa kalamu, taratibu, mbao na vigae, mpaka likakamilika. Akaitazama. Kisha akachukua brashi mbovu, akaichovya kwenye wino mtupu usio na maji, akafunika karatasi yote toka juu mpaka chini, hakuacha hata sehemu nyeupe ya ukubwa wa ukucha. Pasta alipewa karatasi ile nyeusi. Hakurudi tena na soda.

Siku hiyo ndipo aliponisimulia.

Vita ilikuwa imepanda mlima. Watu wa vijiji vya chini walikimbilia abasiani kwa sababu kuta zake zilikuwa nene kuliko zote wilayani, na kwa sababu nyumba ya Mungu haipigwi. Mama Mkuu alifungua milango yote. Chakula kilikuwepo, dawa hazikuwepo. Mama Sista, kwa kuwa alikuwa na miguu ya nguvu, alitumwa kwa njia ya nyuma kwenda kutafuta dawa ya kuhara kwa ajili ya watoto. Alipokuwa njiani kurudi alisikia mabomu mawili. La kwanza liliangukia bustani. La pili lilipiga paa.

"Kuta hazikuanguka," aliniambia. "Walizijenga vizuri sana, wale wazungu. Zilisimama tu zinaangalia. Ni paa lililoua watu."

Alikaa pale majuma, yeye na wanawake wachache waliobaki hai. Hawakuweza kwenda makaburini, njia zilikuwa na askari. Sakafu ya kanisa ilikuwa imepasuliwa na bomu, udongo umefunuka, laini. Wakawazika humo humo, katikati ya kuta, Mama Mkuu na masista na mama za watu na watoto wao, chini ya mbingu. Kwa mkaa wa boriti zilizoungua alichora ukutani jina la kila aliyemjua. Mvua ikaja ikaosha. Akaandika tena. Ikaosha tena. Ndipo akaondoka, kwa miguu, kusini, nchi baada ya nchi, mpaka bahari ikamzuia hapa.

"Dawa ya kuhara nilifika nayo," alisema. "Nilikuwa nayo mkononi."

Nilichukua visahani vyake nikaenda kuviosha.

*

Macho yalianza kumsumbua taratibu. Alilalamika kwamba Anti amebadilisha taa, kwamba wino wa siku hizi ni hafifu. Alijikwaa kwenye kizingiti ambacho alikiruka miaka yote. Kwenye picha, maji yalianza kumwagikia pale asipotaka: mbingu ikaingia ukutani, ukuta ukayeyuka ndani ya nyasi. Wanunuzi walizipenda zaidi hizo. Walisema zina ukungu, zina siri. Aliponiuliza wanasema nini nikamweleza, alicheka kicheko kibaya.

"Mimi napofuka, wao wanaona siri."

Nilimpeleka kliniki. Getini walikuwa wamesimama watu, si wafanyakazi wa pale, wanaume kwa wanawake wenye fulana za namna moja, wanauliza kila anayeingia kitambulisho cha Afrika Kusini. Mama Sista alitoa karatasi yake ya ukimbizi, iliyokunjwa mpaka imepasuka mikunjoni. Mwanamke mmoja, umri wangu, hakuipokea.

"Gogo, nenda utibiwe kwenu," alisema. Hakusema kwa matusi. Alisema kama mtu anayeelekeza njia.

"Kwetu wapi, mwanangu?" aliuliza Mama Sista kwa Kizulu.

"Huko ulikotoka."

Nilianza kupiga kelele. Yeye akanishika kiwiko. Akamwambia yule mwanamke asante, ngiyabonga, akageuka. Tulirudi wiki iliyofuata tukawakuta, na nyingine tukawakuta. Kule kwingine tulikojaribu walitupa tarehe ya mbali sana. Mwisho nilimpeleka kwa daktari wa kulipia huko Overport. Kijana huyo alimmulika kwa taa, akaniambia mimi pembeni, kwa Kiingereza, kwamba ni presha ya macho, na kwamba mshipa umekwisha kufa. Angekuja mapema wangeweza kuizuia. Kilichopotea hakirudi.

"Anasema nini?" Mama Sista aliuliza.

"Anasema tumechelewa, Mama."

"Aa," alisema, kama mtu aliyekosa basi.

Aliendelea kuchora kwa muda, akipapasa ukingo wa karatasi kwa kidole cha kushoto ili kalamu ya kulia ijue iko wapi. Nilimuona asubuhi moja anachora ukuta mzima kwa ustadi wa ajabu, jiwe juu ya jiwe, wala hajui kwamba kichupa kimekauka na karatasi ni nyeupe. Nilisimama kibarazani na beseni langu la nguo. Sikujua nimwambie au nimwache. Nilimwambia. Aliweka kalamu chini, na tangu siku hiyo sikuiona tena mkononi mwake.

Anti akafariki, wanawe wakauza nyumba, sisi sote tukatawanyika. Mimi nilipata chumba kidogo mno. Mama Sista alipokelewa kwenye nyumba ya wazee ya watu wa kanisa, njia ya Pinetown, chumba cha vitanda vingi. Chini ya dari. Nilipomuuliza anavumiliaje, alisema, "Siioni."

*

Nilikuwa naenda kila nilipopata Jumapili. Kila mara alikuwa amepungua. Alikuwa ameacha kugombana na watu, na hilo lilinitisha kuliko ukonde wake. Nilitafuta kitu cha kumletea. Nina binamu anayeendesha lori la mboga huko kwetu, naye njia yake inapita chini ya mlima ule. Nikamwomba apande, apige video ya magofu kwa simu, anitumie. Nilifikiri: yeye haoni, lakini mimi ninaona. Nitamweleza ukuta kwa ukuta, dirisha kwa dirisha, mpaka aone.

Video ilifika nikiwa kwenye taksi. Sikuifungua. Nilitaka tuisikie pamoja.

Nilimkuta amelala kwa ubavu. Nilipomwambia nimeleta nini, aliinuka mwenyewe akakaa, akajifunga kitambaa vizuri kichwani kama mtu anayekwenda kuonana na wakubwa. Nikabonyeza. Sauti ya binamu ikasema, "Ni hapa," kisha ukawa upepo tu. Upepo wa kule juu una sauti yake. Mama Sista alifungua mdomo.

"Ukuta wa upande wa ziwa bado umesimama?" aliuliza.

Nilitazama. Simu ilikuwa inazunguka taratibu. Niliona ziwa kwa chini. Niliona mteremko, matuta yaliyopangwa vizuri, kijani mpaka mwisho. Niliona wanawake wameinama na majembe, na nyuma yao nyumba mpya za mabati, na chini ya kila nyumba msingi wa mawe makubwa yaliyochongwa.

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua.

"Hakuna ukuta, Mama."

"Nguzo?"

"Hakuna. Mawe wameyabeba, wamejengea nyumba."

Kwenye simu mwanamke mmoja alisema kitu, mwenzake akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba.

"Na pale katikati?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pale ndani. Iko nini?"

"Shamba, Mama. Wamelima viazi."

"Mpaka wapi?"

"Kote."

Video ikaisha. Alinyoosha mkono akautafuta wangu, akaupata. Vidole vyake vilikuwa safi, havina wino hata kwenye kucha, na nadhani hicho ndicho kilichonifanya nianze kulia.

"Hivyo viazi," alisema. "Vimetoa maua?"

Nilirudisha video nikaangalia tena, kwa kuwa aliuliza.

"Vimetoa. Meupe."

Aliitikia kwa kichwa. Alizaliwa milima ile, alilima bustani ya abasia tangu ujana, alijua viazi.

"Basi karibu watachimba," alisema.

Akauachia mkono wangu, akalala, akageukia ukutani. Nilikaa kitini mpaka muuguzi alipopita akisema saa ya wageni imekwisha. Nilimuaga Mama Sista, na nilipotoka nje mvua ilikuwa inanyesha.